UCHAMBUZI: Ukimpenda chatu, penda na jua lake

MAPEMA Mei 2025, mahakama iliyoko katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, la sivyo wafungwe miezi 12 gerezani. Wawili kati yao walikuwa vijana raia wa Ubelgiji, mmoja raia wa Vietnam na mwingine Mkenya.

Vijana hao wa Ubelgiji walikuwa wamepatikana Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wamefungiwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilieleza kwamba wadudu hao walikuwa njiani kuelekea masoko ya Ulaya na Asia.

Wakenya wengi walicheka. Ni nani huyo ng'ambo, waliuliza, anayetoa fedha zake ili amfuge sisimizi sebuleni?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kuna soko kubwa duniani la viumbe wa porini wanaofugwa majumbani kwa ajili ya kutazamwa tu, na bara la Afrika limekuwa ghala lake kwa miongo mingi. Miongoni mwa viumbe hai wa Afrika waliouzwa kwa wingi zaidi katika soko hilo yumo nyoka mmoja mpole: chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye wanasayansi humwita Python regius.

Waingereza humwita chatu wa kifalme. Wamarekani nao wamempa jina la mpira kwa sababu akiingiwa na hofu hujiviringa akaficha kichwa katikati ya mwili wake. Rekodi za Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini (CITES) zinaonyesha kwamba tangu mwaka 1975, zaidi ya milioni 3 wamesafirishwa kutoka Afrika Magharibi, hasa kutoka Togo, Benin na Ghana.

Mijadala kuhusu biashara hii aghalabu huishia kwenye idadi ya waliokamatwa na idadi ya waliosalia porini. Huo ni mjadala muhimu. Hata hivyo, kuna jambo la pili lisilotajwa sana, nalo ni hili: anayemtoa chatu Afrika humtoa pia katika jua lake. Jua hilo, ambalo porini hulipati kwa fedha, sharti lilipiwe kila siku kwa umeme mpaka nyoka huyo afe. Wengi wanaomnunua hawajui ukubwa wa deni hilo, na anayeteseka deni lisipolipwa ni chatu mwenyewe.

Asiye na tanuri

Binadamu hula chakula na sehemu kubwa ya chakula hicho huishia kuwa joto. Ndiyo maana mwili wetu hubaki karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, tuwe Mombasa au tuwe Limuru.

Chatu hana tanuri kama hilo. Tunasema kwa mazoea kwamba ana damu baridi, lakini usemi huo unapotosha. Damu yake huwa na joto la mahali alipo. Akitaka kupata joto huenda penye joto, na akitaka kupoa huenda penye baridi. Kuhamahama huko ndiko kunakodhibiti joto la mwili wake.

Katika mbuga za Togo na Benin, chatu huyu hushinda mchana ndani ya kichuguu au shimo lililoachwa na panya, ambamo hewa ni vuguvugu na yenye unyevu. Giza likiingia hutoka kuwinda.

Kuna wakati mmoja ambapo baadhi ya chatu hujitengenezea joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 1966, uliofanyiwa chatu wa Asia katika bustani ya wanyama mjini New York, ulithibitisha kwamba jike aliyeatamia mayai hutetemesha misuli yake na kuyapasha joto zaidi ya hewa iliyomzunguka. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi hana hata uwezo huo. Huyazingira mayai yake, lakini joto lenyewe hulitegemea ardhi.

Mfungie sasa kiumbe wa namna hiyo ndani ya sanduku la kioo katika nyumba ya ghorofa jijini London au Chicago mwezi wa Januari. Nje kuna theluji. Chatu hawezi kuhama. Uhai wake wote umo mikononi mwa mtu aliyeunganisha waya ukutani.

Wataalamu wa nyoka wanashauri sanduku hilo liwe na pande mbili. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33, na wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili nyoka ajichagulie. Usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 24. Unyevu wa hewa nao usipungue asilimia 50, na uongezwe anapokaribia kujivua gamba. Sanduku lenye joto la aina moja kila pembe humnyima nyoka uamuzi wa pekee aliojaliwa kuufanya.

Baridi inavyoua

Chatu hafi kwa baridi papo hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Huumwa polepole, na mwenye nyumba huenda asitambue.

Dalili ya kwanza huwa tumboni. Bila joto, tumbo la nyoka halisagi chakula. Panya aliyemezwa mzima huanza kuoza kabla hajayeyushwa, na mara nyingi chatu humtapika baada ya siku chache. Mfugaji asiyejua hudhani nyoka ana njaa, akampa panya mwingine, naye hutapikwa vilevile.

Baada ya hapo huja maradhi ya njia ya hewa. Kinga ya mwili wa nyoka hufanya kazi ipasavyo katika joto linalomfaa, na joto hilo likikosekana bakteria hupata mwanya. Chatu huanza kupumua kwa sauti, hutoa mapovu puani au kinywani, na huinua kichwa juu akitafuta hewa. Kwa kuwa nyoka hana kiwambo cha misuli kati ya kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi, hawezi kukohoa vizuri ili ateme makohozi. Hubaki nayo mapafuni.

Fizi nazo zaweza kuvimba na kuoza. Tabibu wa wanyama anayeufahamu ugonjwa huo huuliza joto la sanduku kabla hajauliza jambo jingine, kwa sababu hata dawa za kuua bakteria hazimfai ipasavyo nyoka aliyelala kwenye baridi.

Moto unavyoua

Mfugaji aliyeogopeshwa na baridi huweza kuangukia upande wa pili. Hununua mkeka wa umeme akautandika chini ya sanduku, au jiwe bandia lenye waya wa moto ndani, au balbu kali, kisha akaenda kazini.

Vidonda vya moto vimekuwa miongoni mwa majeraha ya kawaida kwa nyoka wanaofugwa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba chatu hulala juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka. Midomo yake ina vishimo vinavyohisi tofauti ndogo mno ya joto, ndivyo anavyomwona panya gizani. Lakini tumbo lake, lililozoea ardhi iliyopashwa na jua, halimwonyi kwa wakati. Mwenye nyumba hurudi jioni akakuta magamba ya tumbo yamegeuka rangi, na baada ya siku kadhaa ngozi hubambuka.

Kinga ya hatari hii si ngumu. Ni kidhibiti joto, kifaa kinachokata umeme joto likifikia kiwango kilichowekwa, kama kile kilichomo ndani ya pasi ya kunyoshea nguo. Balbu nayo huzungushiwa wavu ili nyoka asijisokote juu yake. Kipimajoto huwekwa pale nyoka anapolala, kwa kuwa mkono wa binadamu haupimi joto ila hulikisia tu.

Joto la balbu lina madhara mengine. Hukausha hewa. Chatu aliye katika hewa kavu hashindwi kujivua gamba, bali hulivua vipande vipande, na vipande vingine hubaki vimeganda. Vikibaki juu ya macho, mfugaji mwenye papara huvibandua kwa kibano na kuliumiza jicho. Vikibaki kwenye ncha ya mkia huukaza hadi damu isipite.

Maradhi mapya

Elimu kuhusu maradhi ya chatu imepanuka mno katika miaka ya karibuni. Mwaka 2012, watafiti walitambua virusi vinavyohusishwa na ugonjwa uliokuwa umewaua chatu na jamaa zao wanaofugwa kwa miongo kadhaa bila chanzo chake kujulikana. Miaka miwili baadaye, mwaka 2014, virusi vya aina nyingine vilitambuliwa katika chatu waliokuwa wakifa kwa maradhi ya mapafu.

Maradhi haya mawili hayana tiba. Lililo baya zaidi ni kwamba dalili za virusi vya mapafu hufanana na zile za nyoka aliyepigwa na baridi. Mfugaji huongeza joto akingoja nafuu, na kumbe mgonjwa anawaambukiza nyoka wengine walio chumba kimoja naye.

Binadamu naye hakusazwa. Chatu mwenye afya nzuri huweza kubeba bakteria wa Salmonella matumboni bila kuonyesha dalili yoyote. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kinashauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya umri wa miaka 5 isifuge nyoka, kenge wala kobe.

Tamaa ya rangi nayo imezua balaa lake. Tangu mwaka 1992, alipozalishwa Marekani chatu wa aina hii asiye na rangi nyeusi mwilini, wafugaji wamezalisha mamia ya rangi na madoa yasiyoonekana porini. Aina moja inayopendwa kwa madoa yake membamba kama utando wa buibui huzaliwa na kasoro katika sikio la ndani. Nyoka huyo hutikisa kichwa na kupoteza mizani maisha yake yote.

Deni la umeme

Tuseme sasa kwamba mfugaji ni mwangalifu na amenunua vifaa vyote. Bado kuna bili ya umeme.

Mnamo Aprili 2022, kiwango cha juu cha bei ya umeme na gesi kwa nyumba za kawaida Uingereza kilipanda kwa asilimia 54 kwa mkupuo mmoja. Familia zilianza kujadili chumba kipi kipashwe joto na kipi kiachwe. Sanduku la chatu, ambalo halina likizo mchana wala usiku, likawa mzigo ulioonekana waziwazi katika bajeti.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 2021, dhoruba ya barafu iliukumba mji baada ya mji katika jimbo la Texas, Marekani, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zikakosa umeme. Katika hali hiyo hata tajiri hana la kufanya, labda ambebe nyoka wake kifuani chini ya koti.

Sisi Wakenya tunaelewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa JKIA ukaingia gizani. Julai jijini Nairobi, joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 12. Huo ni nusu ya kiwango cha chini ambacho chatu wa Afrika Magharibi anahitaji.

Aidha, deni hili ni la muda mrefu. Chatu aliyetunzwa vyema huishi miaka 20 hadi 30, na wengine hupindukia. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, kuna jike aliyefikishwa hapo mwaka 1961. Julai 2020, akikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alitaga mayai 7 ingawa hakuwa amekutana na dume kwa angalau miaka 15. Ni mwanafunzi gani anayenunua nyoka leo huku akiwa na uhakika wa kumlipia umeme hadi atakapostaafu?

Wanaoshindwa kulipa huwatelekeza. Jimbo la Florida limejifunza hilo kwa uchungu. Chatu wakubwa wa Asia waliotoroka au kuachiliwa wamezaana katika vinamasi vya Everglades na kuwafyeka wanyama wa huko. Baridi kali ya Januari 2010 iliwaua 9 kati ya 10 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti kwa redio, lakini waliosalia porini waliendelea kuzaana. Mwaka 2012, serikali ya Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa baadhi ya chatu wakubwa, wakiwemo wale wa Afrika wanaopatikana pia Kenya.

Ouidah na Nyakach

Afrika yenyewe haijawahi kuwa na uhusiano wa namna moja na chatu. Mjini Ouidah, Benin, kuna hekalu la chatu, na nyoka wake ni wa aina ileile inayosafirishwa ng'ambo. Akiingia nyumbani mwa mtu hapigwi rungu. Hubebwa kwa heshima akarudishwa. Haitaji balbu wala mkeka, kwa sababu hajatolewa kwao.

Hapa Kenya tuna kumbukumbu ya Omieri, chatu mkubwa wa Nyakach aliyeaminiwa na wenyeji kuwa mleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliunguzwa na moto wa vichaka, akafa licha ya kutibiwa na wataalamu. Kifo chake kilizua simanzi na malalamiko yaliyosikika nchi nzima. Mwaka 2003, chatu mwingine alipoonekana katika kijiji cha Wasare, wakazi walimpokea kana kwamba Omieri amerejea.

Mtu anaweza kuikubali imani hiyo au kuikataa. Lakini kuna hekima ndani yake. Wazee wa Nyakach na wa Ouidah walimwenzi chatu pale alipo. Hawakuona haja ya kummiliki ili wamheshimu.

Hoja ya upande wa pili

Haki inatudai tuwasikilize wafugaji pia. Wanasema, na wana ukweli, kwamba chatu aliyezaliwa kifungoni na kutunzwa kwa vipimo sahihi huishi muda mrefu kuliko wa porini. Wanasema kwamba wengi wa wanaouzwa siku hizi hawakukamatwa, bali walianguliwa kwao. Tena wanatukumbusha kwamba mengi tunayoyajua kuhusu maradhi ya nyoka yaligunduliwa kwa sababu kuna wafugaji waliojali wakawapeleka wagonjwa wao kwa matabibu.

Serikali za Afrika Magharibi nazo zina hoja yao. Nchini Togo, majike wenye mimba hukusanywa, mayai yakaanguliwa katika mashamba maalumu, vifaranga wakauzwa na baadhi kurudishwa porini. Mwanakijiji hupata chochote, nao msitu ukawa na thamani machoni pake.

Hata hivyo, hesabu haijakaa sawa. Anayelichimba shimo kijijini ndiye anayepata sehemu ndogo kabisa ya bei ya mwisho. Mwaka 2021, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ulimworodhesha chatu huyu miongoni mwa viumbe wanaokaribia kuingia hatarini. Zaidi ya hayo, urahisi wa kumpata humfanya aonekane mnyama wa bei nafuu kwa anayeanza kufuga, ilhali gharama yake halisi huanza siku anayofikishwa nyumbani.

Funzo kwa Kenya

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori bila kibali cha KWS. Sheria hiyohiyo inaacha mlango wazi kwa ufugaji wa kibiashara wenye leseni, wakiwemo nyoka. Kesi ya sisimizi wa Naivasha imeonyesha kwamba wanunuzi wa ng'ambo wanaujua mlango huo na madirisha yake yote.

Leseni hizo zisitolewe kwa kuangalia tu idadi ya wanyama na ada inayolipwa. Anayeomba kuuza chatu nje ya nchi aonyeshe mnunuzi wake atamweka wapi, kwa joto gani, na nani atamtibu akiugua. Masharti ya aina hiyo yataonekana kuwa makali. Mwuzaji mkweli hatayaogopa.

Kwa upande wa nchi zinazonunua, ni jambo la busara kwamba duka lisimuuze nyoka bila kidhibiti joto, wala lisimuuze kwa mtu asiyejua gharama ya kukiwasha miaka 20 mfululizo. Gari haliuzwi bila breki.

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Jua linalomtosha chatu linawaka bure kutoka Senegal hadi Uganda. Asiyeweza kumnunulia jua lingine na amwache aliote lile la kwao.